Duara Kubwa na Duara Dogo

Tarehe 10 Aprili 1938, Waaustria waliulizwa kama waliafiki nchi yao kuunganishwa na Ujerumani chini ya Adolf Hitler. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameshaingia humo mwezi mmoja kabla. Karatasi ya kura ilikuwa na maduara mawili. La "Ndiyo" lilikuwa kubwa, limekaa katikati. La "Hapana" lilikuwa dogo, limewekwa kando. Matokeo yaliyotangazwa yalizidi asilimia 99 kwa "Ndiyo".

Nawaomba washairi walitazame duara lile dogo kwa makini. Hofu na vitisho vilifanya kazi yao mitaani, hilo halina ubishi. Lakini karatasi nayo ilikuwa imekwisha kusema kabla mpiga kura hajashika kalamu. Ilikuwa sitiari isiyo na neno hata moja.

Miaka minne kabla yake, mjini Roma, uso mkubwa wa Mussolini ulitundikwa mbele ya jumba la Palazzo Braschi, ukizungukwa na neno la Kiitalia la "ndiyo", SI, lililorudiwa tena na tena. Sisi tungesema ni kibwagizo kilichokosa ubeti: watu wanaitikia, lakini hakuna kilichosemwa.

Kongo nayo ilipata yake. Katika uchaguzi wa rais wa 1970, Mobutu alikuwa mgombea pekee. Wananchi walipewa kuchagua kati ya rangi ya kijani, iliyoelezwa kuwa ni matumaini, na nyekundu, iliyoelezwa kuwa ni vurugu. Nani aende hadharani kuchagua vurugu? Kura za kumkataa zilizotangazwa nchi nzima zilikuwa 157. Baadaye taarifa ya habari ya televisheni ikawa inafunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba picha za namna hii huzaliwa baada ya udikteta kusimama. Bango maarufu la Hitler la 1932, uso mmoja kwenye weusi mtupu na jina lake chini yake, lilibandikwa katika uchaguzi wa ushindani, na mwaka huo alishindwa na Hindenburg. Bango lile halina kitenzi. Halikuahidi kujenga wala kubomoa; jina lilitosha. Ndiyo maana mabango yetu ya leo, yenye uso mkubwa unaotazama juu na maneno mawili matatu yasiyo na kitenzi, hunitia mashaka ya kisarufi kabla ya mashaka ya kisiasa. Kiswahili ni lugha ya vitenzi: ndani ya neno moja mna mtenda, wakati na mtendwa. Ukikiondoa kitenzi, umeondoa pia swali la nani atamfanyia nani nini, na lini.

Sidai kwamba kila uso bangoni ni udikteta. Mimi huuliza jambo moja tu: je, picha ya mpinzani imepewa nafasi sawa?

Hapa Tanzania ya 1965 inastahili kukumbukwa. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na urais ulikuwa na jina moja tu la Julius Nyerere, ndiyo au hapana. Lakini kwa ubunge, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenziwe nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Alama zilikuwa sawa kwa ukubwa, na wananchi wakazigeuza malumbano. Wa jembe alisema kila mtu hula kwa jembe, na nyumba hailiwi. Wa nyumba alijibu kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani, na jembe lenyewe hulala humo. Malumbano hutaka watu wawili, na mmoja lazima ashindwe. Kura zilipohesabiwa, miongoni mwa walioanguka alikuwamo Waziri wa Fedha, Paul Bomani.