Siku 30 Zilizogawa Majaribio ya Tiba

Wagonjwa wa saratani wanatibiwa kwa mionzi. Inatokea dawa inayotarajiwa kuzidhoofisha seli za uvimbe ili mionzi izimalize kwa urahisi, ila lazima itumiwe kwa siku 30 kabla ya mionzi kuanza. Watafiti wanataka kujua kama inafaa. Kundi la kwanza halina utata: dawa kwa siku 30, kisha mionzi. Kundi la pili, lisilopewa dawa, lianze mionzi lini? Leo, au nalo lisubiri siku 30?

Mfano huo wa kubuni ulikuwa kiini cha makala ya wanatakwimu wawili wa Ufaransa, Daniel Schwartz na Joseph Lellouch, iliyotoka mwaka 1967 katika Journal of Chronic Diseases. Kundi la pili likisubiri, makundi yote yatafanana kwa kila kitu isipokuwa dawa, na tofauti itakayoonekana itakuwa kazi ya dawa. Ushahidi safi kabisa, lakini ni daktari gani atamweka mgonjwa wa saratani mwezi mzima bila tiba? Kundi la pili likianza mionzi papo hapo, hapo hailinganishwi dawa peke yake tena. Zinalinganishwa njia mbili za kutibu, na hasara ya kuchelewa ikihesabiwa ndani yake. Schwartz na Lellouch waliyakubali majaribio yote mawili. La kwanza linataka kuelewa dawa inafanya nini mwilini. La pili linataka kuamua mgonjwa apewe nini. Walichokilaumu ni tabia ya kuanza jaribio kabla ya kuchagua swali.

Schwartz hakuwa daktari. Alisomea uhandisi, akafanya kazi katika shirika la serikali la tumbaku, kisha akahamia kwenye utafiti wa saratani huko Villejuif, karibu na Paris, ambako alichunguza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Huenda ilihitajika jicho la mgeni wa namna hiyo kuona kwamba tatizo halikuwa la hesabu.

Jaribio maarufu kuliko yote yaliyotangulia makala hiyo lilikuwa la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948, kuhusu streptomisini na kifua kikuu. Lilikuwa na wagonjwa 107 tu, vijana waliochaguliwa kwa uangalifu, wote wakiwa na ugonjwa uliokuwa ukienea haraka katika mapafu yote mawili. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Kwa kuthibitisha kwamba dawa ina nguvu, mchujo ule ulikuwa sahihi. Ila wadi ya kawaida haichuji watu hivyo.

Waitaliano ndio walioonyesha kwamba wadi ya kawaida nayo inaweza kuwa maabara. Jaribio la GISSI la mwaka 1986 lilishirikisha wadi 176 za moyo na wagonjwa 11,806 wenye shambulio la moyo. Masharti ya kuingia yalikuwa machache. Streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilipunguza vifo vya siku 21 kutoka asilimia 13.0 hadi 10.7. Tofauti ndogo hivyo ingepotea katika jaribio la watu mia moja.

Mwaka 2009 makala ya Schwartz na Lellouch ilichapishwa upya, na mwaka huohuo likatoka gurudumu la PRECIS, mchoro wenye njiti kumi unaomsaidia mtafiti kupima jaribio lake limeegemea upande gani. Ulihitajika, maana hata majaribio yaliyochuja wagonjwa vikali yalikuwa yakijiita ya wadi ya kawaida.

Mwaka huo pia lilianza FEAST, jaribio la Kenya, Uganda na Tanzania. Lilihusu watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Miongozo ilitaka watundikiwe dripu ya haraka, na hospitali za nchi tajiri zilifanya hivyo miaka mingi. Watafiti waliipima katika hospitali kama za Kilifi, Muheza na Soroti, ambako mashine za kupumulia hazikuwa sehemu ya huduma ya kawaida. Januari 2011 uandikishaji ulisimamishwa, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia. Kati ya waliopata dripu ya haraka, asilimia 10.6 na 10.5, kutegemea aina ya maji, walikufa ndani ya saa 48. Kati ya wasiopata, asilimia 7.3.

Madaktari wengi waligoma kuamini. Walihoji vigezo, wakauliza kwa nini maji yaue. Jaribio lilikuwa limejibu swali la uamuzi bila kueleza sababu, na hapo ndipo kazi ya kuelewa ilipoanza, kinyume na mpangilio wa vitabuni. Wengi walishuku kwamba maji yalijaa mapafuni au kwenye ubongo. Uchambuzi wa mwaka 2013 ukaelekeza kwenye moyo na mishipa kushindwa kazi. Mwingine wa mwaka 2019 ukaongeza kwamba dripu ya haraka ilizidisha asidi katika damu na kuizimua damu kwa watoto ambao wengi wao walikwishaishiwa nayo kwa malaria.