Mfuko Mmoja wa Kulalia

Msomaji, huenda ukadhani kwamba blanketi ndilo linalokutia joto usiku. Blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kulizuia joto la mwili wako lisitoroke. Watu wawili wa Norwei waliujua ukweli huu kwa mateso makubwa.

Tarehe 14 Machi 1895, Fridtjof Nansen na mwenziwe Hjalmar Johansen waliiacha merikebu yao, Fram, iliyokuwa imeshikwa na barafu, wakashika njia kuielekea Ncha ya Kaskazini. Walikuwa na mbwa 28 wa kukokota mizigo juu ya theluji. Kwa kuwa uzito wa kila kitu ulipimwa, walichukua mfuko mmoja tu wa kulalia, wa ngozi ya mnyama wa kaskazini aitwaye reinidia, wakalala humo wote wawili. Mfuko mmoja ulikuwa mwepesi kuliko miwili, na kila mtu alipata joto la mwenziwe.

Lakini nguo zao za ngozi walikuwa wameziacha merikebuni, kwa kuziona zina joto kupita kiasi, wakavaa za sufu. Mchana jasho liliingia katika sufu likaganda, hata nguo zikawa ngumu kama bati. Mikono ya koti la Nansen ilimchubua vifundo akapata vidonda. Usiku walijitia mfukoni wakitetemeka, wakingoja barafu ile iyeyuke kwa joto la miili yao. Basi joto lililopasa kuwalinda likapotea katika kuyeyusha nguo.

Tarehe 8 Aprili walifika latitudo 86° 14′ kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, ndipo wakageuka. Majira ya baridi yaliwakuta katika visiwa vya Franz Josef. Wakajenga kibanda cha mawe, wakakiezeka kwa ngozi za wanyama wa baharini, wakala nyama ya dubu. Humo walijaribu kulala mbalimbali, kila mtu na blanketi lake. Baridi ikawashinda, wakaungana tena. Mwezi wa Juni 1896 walikutana na Mwingereza Frederick Jackson, nao wakaokoka, tena wamenenepa.

Nawe ukienda kulala na wenzako katika miteremko ya Mlima Kenya, si lazima ujitwike mzigo mkubwa. Tandika kitu kikavu chini yako, kwani ardhi hunyonya joto. Kula ushibe. Vua nguo yenye jasho, uvae iliyo kavu. Wala usione haya kulala karibu na mwenzio.