Kutoka Ushirika wa Mataifa hadi Mzigo wa Deni: Historia ya Umiliki wa Intelsat, 1964–2025

1.0 Utangulizi

Historia ya setilaiti za mawasiliano huandikwa mara nyingi kama historia ya uhandisi. Insha hii inafuata njia ya umiliki. Inachunguza Intelsat, chombo kilichoundwa na mataifa mwaka 1964, kikabinafsishwa mwaka 2001, na kikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2020. Hoja kuu ni kwamba deni lililoielemea Intelsat halikutokana hasa na gharama za kurusha setilaiti, bali na gharama za kuinunua kampuni yenyewe.

2.0 Ushirika na Bei Moja

Setilaiti ya kwanza ya Intelsat, Early Bird, ilirushwa tarehe 6 Aprili 1965 ikiwa na uwezo wa kubeba takriban mazungumzo 240 ya simu kwa wakati mmoja. Kila mwanachama alichangia mtaji kulingana na matumizi yake, na alipata mapato kwa uwiano huohuo. Huu haukuwa usawa kamili: mwanzoni Marekani, kupitia kampuni ya COMSAT, ilishika zaidi ya nusu ya hisa na kusimamia uendeshaji.

Hata hivyo, ushirika huo ulikuwa na kanuni iliyozinufaisha nchi changa. Huduma ya aina moja ilitozwa bei moja, iwe katika njia yenye wateja wengi ya Atlantiki ya Kaskazini au katika njia yenye wateja wachache. Hivyo, kituo cha ardhini cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kiliingia katika mfumo ambao mapato ya njia kubwa yalisaidia kugharimia njia ndogo.

3.0 Ushindani na Ubinafsishaji

Mkataba wa kudumu, ulioanza kutumika mwaka 1973, uliwataka wanachama kushauriana kabla ya kuanzisha mfumo mwingine ambao ungeweza kuudhuru ushirika kiuchumi. Mwezi Novemba 1984, Rais Reagan aliamua kwamba mifumo mingine ya kimataifa ilihitajika kwa maslahi ya Marekani. Kampuni ya PanAmSat, iliyoanzishwa na Rene Anselmo, ilirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1988. Washindani wa aina hiyo waliweza kuchagua njia zenye faida, na kanuni ya bei moja ikazidi kuwa vigumu kuitetea.

Tarehe 18 Julai 2001 mali na shughuli za Intelsat zilihamishiwa kampuni binafsi, na waliokuwa wanachama wakawa wanahisa. Chombo kidogo cha kiserikali, ITSO, kilibakizwa kusimamia wajibu wa kampuni kwa umma, hususan kwa nchi zinazoitegemea. Mataifa yalibaki na haki ya kusimamia. Kilichowatoka ni uamuzi juu ya mtaji.

4.0 Deni la Ununuzi

Mwezi Januari 2005 kundi la wawekezaji binafsi liliinunua Intelsat kwa takriban dola bilioni 3, mbali na deni lililokuwapo. Katika ununuzi wa aina hii, mnunuzi hutoa sehemu ndogo ya fedha zake, hukopa iliyobaki, kisha mkopo huo hulipwa kwa mapato ya kampuni iliyonunuliwa. Mwaka 2006 Intelsat ilimnunua mshindani wake wa zamani, PanAmSat. Mwaka 2008 ilibadilisha mikono tena, safari hii kwa BC Partners, kwa thamani iliyozidi dola bilioni 16 pamoja na madeni.

Wakati huohuo nyaya za chini ya bahari ziliendelea kushusha bei. Katika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM ilianza kazi mwezi Julai 2009. Tarehe 13 Mei 2020, Intelsat iliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani ikiwa na deni la karibu dola bilioni 15.

Yawezekana kudai kwamba soko lenyewe ndilo lililoiangusha. Dai hili lina uzito, lakini halitoshi. SES ya Luxembourg ilikabiliana na nyaya zilezile na wateja walewale bila kufikishwa hapo. Soko lilipunguza mapato. Deni liliondoa nafasi ya kustahimili upungufu huo.

5.0 Hitimisho

Intelsat ilitoka mahakamani mwaka 2022 ikiwa imepunguza deni lake kwa zaidi ya nusu. Tarehe 17 Julai 2025 SES ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 3.1. Inafaa kuzingatiwa kwamba serikali ya Luxembourg na taasisi zake hushika theluthi moja ya kura katika SES. Hivyo, mali iliyoondolewa mikononi mwa mataifa mengi kwa hoja ya ufanisi imeishia katika kampuni ambayo dola moja ndogo haikuacha kuwa mbia wake. Kwa watafiti wa sera za mawasiliano, swali basi si kuchagua tu kati ya umma na soko, bali ni nani anayebeba deni, na kwa manufaa ya nani.