Ukuta wa Vietnam: Kwa nini majina 58,000 hayakupangwa kwa alfabeti?

Ukitaka kumtafuta ndugu yako kwenye ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam mjini Washington, kujua jina lake hakutoshi. Inabidi ujue alikufa lini.

Ukuta huo wa mawe meusi una majina zaidi ya 58,000 ya wanajeshi wa Marekani waliokufa au kupotea vitani. Hayakupangwa kwa cheo wala kwa jimbo, na si A mpaka Z. Yamepangwa kwa tarehe. Aliyetangulia kufa ametangulia kuandikwa, na waliokufa siku moja wamekaa pamoja.

Mpangilio huo ndio uliougeuza ukuta kuwa hadithi, na nusura ukataliwe.

Mwanafunzi wa miaka 21

Aliyeubuni ni Maya Lin. Mwaka 1981 alikuwa bado anasoma shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Yale. Shindano la usanifu lilikuwa na masharti: majina yote yawepo, na pasiwe na kauli yoyote ya kisiasa. Zilikuja kazi 1,421, waamuzi wakizitazama bila kujua nani kachora nini. Ya Lin ikashinda.

Michoro yake ilikuwa ya chaki za rangi, hafifu kweli, ukiipitia haraka huambulii kitu. Lakini aliiambatanisha na maelezo yanayomtembeza msomaji: unapita kwenye bustani, unaona mpasuko ardhini, unashuka taratibu, majina yanakuwa kama hayana mwisho. Baadaye Lin alisema kuandika maelezo hayo kulimchukua muda mrefu kuliko kubuni ukuta wenyewe. Wanafunzi wa usanifu wanaoona insha ni kazi ya kumaliza usiku wa mwisho, hilo wangelitazama vizuri.

Hadithi inasomwaje?

Ukuta una mabawa mawili yaliyokutana kama herufi V. Kila bawa lina urefu wa kama mita 75. Pale katikati ukuta una kimo cha mita 3 hivi, halafu unapungua kidogo kidogo hadi sentimita 20 kwenye ncha, unapomezwa na majani.

Ungetarajia hadithi ianzie ncha moja na kuishia nyingine. Sivyo. Inaanzia katikati, mwaka 1959, na kufuata bawa la kulia hadi ncha yake, ambako inafika Mei 1968. Kisha inaruka hadi ncha ya bawa la kushoto, inaendelea, na kurudi katikati mwaka 1975. Kwa hiyo mwanzo wa vita na mwisho wake vimekutana kwenye kona moja.

Mwaka 1968 peke yake walikufa zaidi ya wanajeshi 16,000. Kwenye kitabu hiyo ni namba tu. Hapa unatembea, unatembea, na bado uko mwaka uleule.

Ugomvi wa alfabeti

Baadhi ya askari wa zamani walitaka majina yapangwe kialfabeti, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mama aliyesafiri kutoka mbali atalipataje jina la mwanawe katikati ya maelfu?

Lakini orodha ilipotazamwa, waliokuwa na jina la Smith tu walizidi 600. Hebu fikiria mama wa mmoja wao amesimama mbele ya safu hizo zote. Kwa alfabeti, ukuta ungekuwa kitabu cha simu kilichochongwa kwenye jiwe. Kwa tarehe, askari anayekumbuka siku aliyopoteza wenzake anawakuta wote mahali pamoja.

Basi alfabeti ikawekwa pembeni, kwenye vitabu vya kutafutia majina. Unafungua, unapata namba ya kibao na ya mstari, ndipo unaufuata ukuta. Wengi wakifika huweka karatasi juu ya jina na kusugua penseli ili waondoke nalo.

Wapinzani walikuwa na malalamiko mengine pia: ukuta ni mweusi, umezama ardhini, hauna sanamu ya shujaa. Wengine waliuona kama alama ya aibu. James Watt, waziri aliyesimamia ardhi hiyo ya umma, alizuia kibali cha ujenzi hadi yakapatikana maafikiano ya kuongeza bendera na sanamu ya askari watatu, kazi ya Frederick Hart. Ukuta ulizinduliwa Novemba 13, 1982. Sanamu ilifuata 1984, ikawekwa kando.

Lakini kuna sehemu ya hadithi ambayo ukuta hauisimulii. Wavietnam waliokufa katika vita hivyo ni wengi mara nyingi zaidi, na hapo hawamo.

Sentensi ambazo hazijafungwa

Jiwe lenyewe ni graniti kutoka India, limeng'arishwa hadi likawa kama kioo. Ukisoma jina unaona uso wako juu yake. Aliyewahi kusimama mbele ya majina kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 jijini Nairobi anajua macho yanavyofanya kazi hapo: hata kama humjui mtu, unaanza kutafuta.

Kando ya kila jina kuna alama ndogo. Ya umbo kama uru wa karata inamaanisha kifo kimethibitishwa. Ya msalaba, kama alama ya kujumlisha, inamaanisha mtu huyo hajulikani alipo. Mabaki yake yakipatikana na kutambuliwa, uru huchongwa juu ya msalaba.

Na kuna alama ya tatu iliyopangwa tangu mwanzo. Aliyepotea akirudi akiwa hai, msalaba wake utazungushiwa duara. Hadi leo halijachongwa hata moja.