Kaburu Aliyewatetea Akina Mandela

Kijana Bram wa ukoo wa Fischer hakuwa na haja ya kuhangaika na maisha. Babu yake, Abraham Fischer, aliongoza serikali ya Koloni la Mto Orange kabla ya makoloni kuunganishwa kuwa Afrika Kusini mwaka 1910. Baba yake, Percy, alikuwa mwanasheria aliyepanda hadi kuwa jaji kiongozi wa jimbo. Bram mwenyewe, aliyezaliwa Bloemfontein tarehe 23 Aprili 1908, alikuwa hodari darasani na uwanjani: mwaka 1928 aliichezea timu ya raga ya jimbo lake dhidi ya timu ya taifa ya New Zealand, kisha akapata ufadhili wa Rhodes uliompeleka Oxford. Wengi waliomjua walimwona jaji mkuu wa kesho, pengine hata waziri mkuu. Kwa ukoo na kwa lugha alikuwa Kaburu halisi, na hakuukana Ukaburu wake hata siku moja.

Kilichomgeuza ni jambo dogo, na alilisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye akiwa kizimbani. Utotoni shambani alicheza na watoto wa Kiafrika bila kuona tofauti. Alipokuwa kijana alijiunga na baraza la mjini Bloemfontein lililowakutanisha weusi na weupe, na hapo ikambidi ampe mtu mweusi mkono. Ilimlazimu ajikaze kweli kweli ndipo mkono wake uinuke. Usiku ule alijiuliza: nani aliyebadilika, mimi au wale niliocheza nao? Jibu lilikuwa wazi. Chuki ile hakuzaliwa nayo, alifundishwa, naye hakukumbuka hata ni lini alifundishwa.

Mwaka 1937 alimwoa Molly Krige, ambaye shangazi yake alikuwa mke wa Jenerali Jan Smuts. Harusi hiyo ingeweza kuwafungulia milango yote ya wakubwa wa Pretoria. Wao walifungua mlango wa nyumba yao, mtaa wa Beaumont, Johannesburg. Kulikuwa na bwawa la kuogelea uani, na siku za Jumapili watoto weusi na weupe waliogelea humo pamoja, katika nchi ambayo hata mabenchi ya bustani yalikuwa na rangi. Walipata watoto watatu: Ruth, Ilse na Paul. Molly hakuwa mke wa kumngoja mumewe sebuleni. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti sawa na mumewe, na serikali ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, aliyewekwa kizuizini katika nyumba ile alikuwa yeye. Bram aliachwa nje.

Mchana Fischer aliheshimika mahakamani kama mmoja wa mawakili bingwa wa kesi za madini na za kibiashara, na makampuni makubwa yalimlipa vizuri. Usiku alihudhuria vikao vya chama kilichopigwa marufuku tangu 1950. Miaka ile hilo peke yake halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zilimwamini. Alikuwa katika jopo la utetezi la Kesi ya Uhaini, iliyoanza kwa kukamatwa watu 156 Desemba 1956 na kumalizika Machi 1961 kwa washtakiwa wote waliobaki kuachiwa huru.

Ndipo ikaja kesi ya Rivonia. Tarehe 11 Julai 1963 polisi walivamia shamba la Liliesleaf, nje kidogo ya Johannesburg, wakawakamata Walter Sisulu, Govan Mbeki, Ahmed Kathrada na wenzao. Fischer alikuwa akihudhuria vikao shambani hapohapo. Siku ile hakuwepo tu. Alipoombwa kuongoza utetezi alisita, na sababu yake hakuweza kuitaja hadharani: mawakili wenzake walimshinikiza akubali bila kujua kwamba walikuwa wakimwomba akawatetee watu ambao alipaswa kukaa nao kizimbani. Wafanyakazi wa shamba walipoitwa kutoa ushahidi, Fischer alihakikisha hayumo mahakamani, maana wangeweza kumtambua.

Alikubali, na akafanya kazi. Hati ya kwanza ya mashtaka aliipangua kifungu kwa kifungu. Miongoni mwa mengine, ilimtuhumu Mandela, mshtakiwa mwenzao, kwa vitendo vilivyofanyika wakati tayari yuko jela. Jaji Quartus de Wet aliitupilia mbali tarehe 30 Oktoba 1963, washtakiwa wakaachiwa na kukamatwa tena papo hapo kabla hawajatoka ukumbini. Kilichobaki kilikuwa kupigania roho za watu. Mwendesha mashtaka, Percy Yutar, alikuwa na rundo la nyaraka, na hakuna aliyetarajia washtakiwa watoke bila hatia. Swali lilikuwa kama watanyongwa.

Mandela aliamua kutoa maelezo yake akiwa kizimbani badala ya kuhojiwa kama shahidi. Fischer alisoma rasimu, akafika aya ya mwisho, ile ambayo Mandela anasema yuko tayari kuifia itikadi yake, na akaingiwa na hofu. Alimpelekea wakili mkongwe Harold Hanson aisome. Hanson alijibu kwamba Mandela akiyasema hayo atatolewa moja kwa moja kwenda kunyongwa. Fischer akarudi kumsihi mteja wake aifute. Mandela alikataa. Tarehe 20 Aprili 1964 aliisoma yote, na leo ndiyo aya inayokumbukwa kuliko neno lolote lililosemwa katika kesi ile. Simlaumu Fischer. Kazi ya wakili ni kumtoa mteja wake hai.

Hukumu ilitolewa tarehe 12 Juni: kifungo cha maisha kwa watu wanane. Hakuna aliyenyongwa.

Kesho yake, tarehe 13 Juni, Bram na Molly walianza safari ya gari kwenda Cape Town kwenye sherehe ya Ilse, aliyekuwa akitimiza miaka 21. Ndani ya jimbo la Free State, jioni ikiingia, Bram alikwepa pikipiki iliyotokea ghafla mbele yake, gari likaacha barabara na kutumbukia katika kidimbwi kirefu cha mto. Bram na rafiki waliyesafiri naye walitoka. Molly hakutoka.

Siku chache baadaye Fischer alikwenda kisiwani Robben kuwauliza wateja wake kama wanataka kukata rufaa. Mazungumzo yalipokwisha Mandela akamuuliza hali ya Molly. Fischer aligeuka, akaondoka bila kujibu. Ofisa wa jela ndiye aliyemweleza Mandela kilichotokea. Mandela alimwandikia barua ya rambirambi, na barua hiyo haikumfikia.

Septemba 1964 polisi walimkamata Fischer mwenyewe kwa kukiendesha chama kilichopigwa marufuku. Wakati huo alikuwa na kesi ya kampuni ya dawa iliyokuwa ikisikilizwa London mbele ya Baraza la Faragha, akaomba dhamana ili akaimalize. Alimwambia hakimu kwamba yeye ni Kaburu, kwao ni Afrika Kusini, na hataihama nchi kwa sababu tu siasa zake hazilingani na za serikali. Alipewa dhamana ya randi 10,000. Marafiki zake London walimsihi asirudi. Alishinda kesi, akapanda ndege, akarudi kushtakiwa.

Mtu huyohuyo, tarehe 25 Januari 1965, hakutokea mahakamani. Badala yake ilisomwa barua aliyomwandikia wakili wake, Hanson, akieleza kwamba anaingia mafichoni ndani ya nchi kwa sababu haoni tena njia nyingine ya heshima ya kuupinga ubaguzi. Wapo wanaoona hapo mgongano: jana alitimiza ahadi, leo ameivunja. Mimi siuoni. Angetaka kuokoa ngozi yake angebaki London. Alirudi kwa hiari, kisha akajificha palepale alipoweza kukamatwa, akijua gharama yake.

Gharama iliyomuuma kuliko zote ilitoka kwa mawakili wenzake. Baraza la mawakili la Johannesburg, ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuliongoza, liliiomba mahakama imfute katika orodha ya mawakili kwa utovu wa uaminifu. Arthur Chaskalson na Sydney Kentridge walimtetea bila mafanikio, na Novemba 1965 jina lake likafutwa. Siku chache baadaye, tarehe 11 Novemba, siku ileile Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, polisi walimkamata Johannesburg. Alikuwa ameishi karibu miezi kumi kwa jina la Douglas Black, nywele zimepungua, ndevu kidevuni, miwani usoni. Mwezi Mei 1966 alihukumiwa kifungo cha maisha, hukumu ileile aliyowapigania wateja wake wasiivuke.

Katika jela ya Pretoria askari walimpa kazi ya kusafisha vyoo, wakijua vizuri babu yake alikuwa nani. Januari 1971 mwanawe Paul alifariki akiwa na miaka 23. Ndugu wa Bram ndiye aliyeruhusiwa kumletea habari, wakazungumza na kizuizi kati yao na askari wakisikiliza, hata mkono wasipeane. Baada ya hapo alifungiwa peke yake selo mpaka asubuhi. Ruhusa ya kwenda kuzika hakupewa.

Mwaka 1974 saratani ilimwingia, kisha akaanguka na kuvunjika nyonga, na siku zikapita kabla jela haijakubali kumpiga picha ya eksirei. Alipokuwa hawezi tena kusema wala kusimama, mfungwa mwenzake Denis Goldberg, mmoja wa wale wa Rivonia aliowatetea, ndiye aliyekaa naye selo usiku, akimlisha na kumwogesha.

Magazeti na wanasheria walipiga kelele hadi serikali ikalegea, lakini kwa namna yake. Machi 1975 Fischer alipelekwa Bloemfontein kwa ndugu yake, Paul, na nyumba ya Paul ikatangazwa rasmi kuwa jela, wageni wake wakapangiwa masharti kama wa gerezani. Paul aliyakubali yote ili nduguye asifie selo. Bram alifariki humo tarehe 8 Mei 1975, kimya na dhaifu, katika mji aliozaliwa. Mwili ulipochomwa, idara ya magereza ilidai majivu yarudishwe kwake kwa kuwa bado yalikuwa ya mfungwa. Familia haijawahi kuyapata.

Mwaka 2002 bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kuwarejesha katika orodha mawakili waliofutwa kwa kuupinga ubaguzi na sasa ni marehemu. Oktoba 2003 Bram Fischer akawa wa kwanza kurejeshwa, na tangu 2012 uwanja wa ndege wa Bloemfontein una jina lake.