Mota ya Umeme ya Fezi Moja

Mota ya fezi moja hugeuza umeme wa kawaida wa majumbani kuwa mwendo wa kuzunguka. Ndiyo inayoendesha feni, friji na pampu ndogo za maji.

Ugumu wake uko kwenye kuanza. Umeme wa fezi tatu huzalisha uga wa sumaku unaozunguka wenyewe. Wa fezi moja huzalisha uga unaokua, kupungua na kugeuka katika mstari mmoja tu. Rota, yaani sehemu inayozunguka, ikiwa imesimama hunguruma bila kusogea, lakini ikisukumwa kwa mkono huendelea kuzunguka, upande wowote iliosukumiwa. Feni ya dari ambayo kapasita yake imekufa huonyesha jambo hili waziwazi.

Dawa yake ni koili ya pili. Kapasita iliyounganishwa nayo hutanguliza mkondo wake mbele ya ule wa koili kuu, na tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayoufanya uga uzunguke. Katika mota za mzigo mzito, kama za kompresa za hewa, swichi hukata koili hiyo ya pili mwendo unapofikia takriban asilimia 75 ya kasi kamili. Kwenye feni ya dari, kapasita hubaki kazini muda wote.

Feni ndogo sana hutumia pete ya shaba kwenye ncha za sumaku: mbinu rahisi ajabu, ingawa hupoteza umeme mwingi.

Blenda na drili ni ukoo mwingine. Brashi za kaboni hupeleka umeme kwenye rota yenyewe, hivyo mota hizi zaweza kuzidi mizunguko 10,000 kwa dakika, ilhali mota zilizoelezwa hapo juu, kwa umeme wa hezi 50, hazivuki 3,000.