Mizani ya Baba

Baba yangu alipata kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba, huku kwetu Bariadi, katika miaka ya 1960. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukimgusia habari za mizani alizungumza mpaka moto wa jioni ukazimika. Siku moja mwaka 2014, baada ya chakula cha mchana, niliiweka simu yangu mkekani mbele yake nikawasha kinasa sauti, naye akasimulia kwa muda wa saa nzima na zaidi. Masimulizi hayo hayapo tena. Niliyafuta mimi mwenyewe, siku niliyoibadilisha simu ile mfumo wake.

Insha hii ni habari ya kubadili huko: ufundi huo ulianzia wapi, ulifikaje hata kwenye vibanda vya mafundi wa Bariadi, na anayetaka kuujaribu kwa mara ya kwanza ajihadhari na nini. Lakini sina budi kuanza na mizani, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha maana ya jambo lenyewe.

Kabla ya ushirika, wakulima wa Usukuma waliuza pamba yao kwa wanunuzi wa binafsi. Mkulima alifika na mizigo yake, ikapandishwa kwenye mizani ya mnunuzi, akatajiwa uzito, akapewa fedha. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo, akiwamo Paul Bomani katika uongozi, vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa. Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, haukuwapo bado, lakini pamba ilikuwapo, na mizani ilikuwapo.

Baba alisema kwamba kila asubuhi ya msimu, kabla ya kupima mzigo wa kwanza, aliwaita wakulima waliotangulia kufika, akaweka juu ya mizani jiwe la chuma ambalo uzito wake ulijulikana, akawaacha watazame wenyewe. "Mizani yenyewe haina ubaya, mwanangu," aliniambia. "Ubaya ni pale unapokatazwa kuitazama." Sentensi hiyo ninaikumbuka. Nyingi nyingine zilikuwa ndani ya simu.

Sasa tuje kwenye simu. Simu hizi za kupapasa kioo ni kompyuta ndogo. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, programu inayotangulia kuamka ni ndogo sana, na mafundi huiita butiloda. Kazi yake ni kama ya bawabu: hukagua kilichomo, kikiridhisha hukiruhusu kiamke. Anayefuata kuamka ni keneli, yaani kiini cha mfumo. Hiki ndicho kinachosema na vyuma vyenyewe: betri, kioo, kamera, redio ya mtandao. Juu ya kiini hukaa yale tunayoyaona kwa macho, kama vile menyu, herufi na programu. Mfumo huo mzima, ukifungashwa pamoja tayari kwa kupakiwa, huitwa romu. Pembeni kuna chumba kidogo cha matengenezo, rikavari, ambacho fundi huingia kwacho ili kufuta mfumo wa zamani na kupakia mpya. Kazi ya kupakia ndiyo mafundi wetu huiita kuflashi.

Kiini cha simu za Android hakikubuniwa kwa ajili ya simu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finland, aitwaye Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake mwenyewe kwa kujifurahisha. Ukaitwa Linux. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni iliyotokana na fikra za Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuusoma mfumo, kuubadili na kuugawa, kwa sharti kwamba atakayewagawia wengine awape pia maandishi ya asili ya programu ili nao waweze kuyasoma. Msomaji ataona kwamba hii ni ile ile habari ya jiwe la chuma: mizani ipimwe mbele ya wenye mizigo.

Kampuni ya Android ilianzishwa huko California mwaka 2003, ikanunuliwa na Google mwaka 2005, nayo ikakijenga chombo chake juu ya kiini cha Linux. Simu ya kwanza ya namna hiyo, iliyotengenezwa na HTC, ilianza kuuzwa Marekani mwezi Oktoba 2008. Hazikupita wiki nyingi watu wakagundua kasoro ya ajabu: kila neno lililoandikwa kwa vibonye vya simu ile lilisomwa pia, kwa siri, kama amri kutoka kwa mwenye mamlaka ya juu kabisa. Mtu aliyemwandikia mwenzake neno la Kiingereza la kuiamuru mashine ijizime na kuwaka upya, alishangaa kuona simu yake inazimika mkononi. Kasoro ilizibwa upesi, lakini mlango ulikuwa umekwisha kuonekana, na waliopita humo wakaanza kuunda mifumo yao.

Mmoja wao alikuwa Steve Kondik, aliyejulikana kwa jina la Cyanogen. Romu yake, CyanogenMod, ilipata wafuasi wengi kuanzia mwaka 2009. Mwezi Septemba mwaka huo Google ilimwandikia kumtaka aache kugawa ndani yake programu zake zisizo huru, kama ile ya ramani na ile ya barua. Suluhu ikawa kwamba romu itagawiwa bila programu hizo. Hapo ndipo wengi walipoelewa kwamba simu ina sehemu mbili: iliyo wazi kwa wote, na yenye mwenyewe. Mwaka 2011 kampuni kama HTC na Sony Ericsson zikaanza kutoa njia rasmi ya kuifungua butiloda kwa baadhi ya simu zao. Kondik na wenzake waliunda kampuni ya biashara mwaka 2013. Haikudumu, mwishoni mwa mwaka 2016 iliacha kuiendeleza CyanogenMod, na wanajamii wakaiendeleza kazi kwa jina la LineageOS, ambalo lipo hadi leo.

Kwetu Afrika Mashariki simu hizi zilianza kuwa za watu wa kawaida pale Safaricom ya Kenya ilipouza Huawei IDEOS, mwanzoni mwa mwaka 2011, kwa takriban shilingi 8,000 za huko. Ilikuwa simu ndogo, yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya MB 256 tu, na programu chache zilitosha kuijaza. Watu walioipenda wakatafuta romu nyepesi zilizotengenezwa na wapenzi wa ufundi huo. Kwa maskini, kubadili mfumo hakukuwa mchezo wa vijana wenye nafasi. Kulikuwa njia ya kuirefushia maisha simu ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuisahau.

Nami nilikuwa na simu ya namna hiyo, ya mkono wa pili, niliyoinunua Mwanza. Chapa yake siitaji, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyeshiba. Ukiitikia mwito, aliyepiga amekwisha kata. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kibanda cha ufundi jirani na stendi ya Bariadi, naye akaniazima kompyuta yake na waya. Nilisoma maelekezo kwa usiku mbili. Siku ya tatu nikaiunganisha simu, nikaandika amri ya kuifungua butiloda. Kioo kikaonyesha maandishi marefu ya Kiingereza, na chini yake maneno mawili: ndiyo na hapana. Kiingereza kidogo ninakijua, lakini nilikuwa na haraka. Nikabonyeza ndiyo.

Kazi ilifanikiwa. Nataka msomaji aelewe hilo vizuri: simu haikufa. Romu mpya ilipanda, ikawaka, ikawa nyepesi kama iliyotoka dukani. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha nikamwonyesha Baba. Akaishika, akaigeuza, akaniuliza: "Na yale maneno yangu yamo?" Nikamwambia yamo, kwenye kadi ya kumbukumbu. Baada ya siku tatu nilipoitafuta sauti yake ndipo nilipojua kwamba kinasa sauti kilikuwa kikihifadhi ndani ya simu, wala si kwenye kadi. Na yale maandishi marefu yalikuwa yakisema kwamba kuifungua butiloda kutafuta kila kitu kilichomo. Kufuta huko kumewekwa makusudi: ni ulinzi, ili mwizi asiweze kuifungua simu ya mtu akasoma siri zake.

Sikumwambia Baba. Nilijipa moyo kwamba tutarudia baada ya mavuno. Mwaka 2015, kabla ya pamba kupimwa, tulimzika.

Nimefikiri mara nyingi juu ya yale maandishi ya Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu maandishi ya asili yalikuwa wazi, mtu yeyote aweza kuyatafsiri bila kumpigia magoti mwenye kiwanda. Onyo lile lingekuwa kwa Kiswahili, huenda ningelisoma. Lakini sitaki kujificha nyuma ya lugha. Haraka ilikuwa yangu.

Funzo hilo lilinisaidia baadaye. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima. Kila simu halali ina namba ya utambulisho, IMEI, ambayo huonekana ukibonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Namba hiyo hukaa katika sehemu maalumu ya kumbukumbu, na fundi anayepakia romu isiyo ya simu hiyo aweza kuiharibu. Simu huwaka vizuri, lakini haishiki mtandao. Siku zile watu walijaa kwenye vibanda, na si wote waliokuwa na simu bandia. Wengine simu zao zilikuwa zimepoteza namba kwenye mikono ya mafundi. Yangu ilisalimika, kwa sababu baada ya msiba ule sikugusa tena simu bila kwanza kunakili kila sehemu yake, na ile ya namba ikiwamo.

Basi, kwa anayeanza, nasema haya. Kwanza, nakili picha, sauti na majina kwenye kompyuta au kadi, kisha fungua nakala hiyo uione na kuisikia kabla hujagusa kitu. Nakala ambayo hukuifungua ni tumaini tu. Pili, hakikisha namba kamili ya modeli, kwa kuwa simu mbili zenye jina moja zaweza kuwa na vyuma tofauti, na kiini cha moja kikaiua nyingine. Tatu, betri iwe imejaa. Nne, ukipata romu ya kiwandani ya simu yako, itunze, maana ndiyo njia ya kurudi. Tano, usikubali fundi akubadilishie IMEI; sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inalihesabu hilo kuwa kosa. Sita, jua kwamba programu nyingine za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa, ingawa zile huduma za fedha za kubonyeza nyota na reli huendelea. Na ukikuta kiwanda hakitoi maandishi ya kiini cha simu yako, ingawa leseni inakitaka kufanya hivyo, usitarajie romu nzuri. Simu nyingi za bei nafuu ziko hivyo.

Je, najuta kuifungua simu ile? Sijuti. Ilinitumikia miaka minne zaidi, na mwenye chombo ana haki ya kukitazama ndani. Ila nilisahau nusu ya kazi ya Baba. Yeye hakuwa mfungua mizani tu; alikuwa pia karani. Kila mzigo aliuandika katika daftari la chama, na tena katika stakabadhi aliyompa mkulima, ili moja likipotea, jingine lishuhudie.

Alinieleza pia jina la mkulima wa kwanza aliyemwita aje kulitazama lile jiwe la chuma, na alivyocheka yule mzee. Jina hilo nimelitafuta kichwani kwa miaka mingi. Mwaka jana nilikwenda kijijini kuwauliza wazee waliobaki. Mmoja alinishukuru kwa kuuliza, "Wabeja," akasema, kisha akanyamaza akifikiri kwa muda mrefu. Naye amelisahau.